Mume wa Siku ya Kliniki

Siku ya kuniaga kazini, afisa mmoja kutoka wilayani alisimama akanisifia uvumilivu. Nilikuwa nimeketishwa mbele na shada la maua ya plastiki shingoni, nikainamisha uso ili asinione ninavyocheka. Yeyote aliyefanya kazi nami kliniki ya wajawazito anajua kwamba sikuwahi kuwa mvumilivu, na miaka ile ya mwisho niliingia kazini na hasira nikatoka nayo. Bado ninayo. Nyie mabinti mnaobaki mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, na ninaandika nikiwa nimekasirika, kwa hiyo msitafute humu maneno ya kubembeleza. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyote vilikuja vimechelewa, na sioni cha kumfundisha mtu hapo.

Mimi ni mtu wa Muleba. Nililetwa Karagwe nikiwa mkunga mbichi, nikapangiwa zahanati upande wa Kituntu, ambako akina mama walisikiliza Kihaya changu wakacheka, kisha wakanijibu kwa Kinyambo polepole kama wanaongea na mtoto. Aliyenipokea ni Mama Leonia, mkunga mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alinikabidhi mjamzito kitandani akasimama nyuma yangu. Nilikimbilia tumbo, nikaanza kupapasa huku na huku.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Kichwa cha mtoto, mama."

"Kichwa hakijapotea. Kwanza msalimie mwenyewe mwenye tumbo."

Nikamsalimia, yule mama akacheka, na tumbo likalegea chini ya mikono yangu. Hapo nikakiona kichwa kilipo. Hilo hawakutufundisha chuoni, kwamba tumbo la mtu mwenye hofu huwa gumu kama ubao na halikwambii kitu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia zake. Fetoskopu, chombo cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ilikuwa ya mbao, imelainika upande mmoja kwa sikio la Mama Leonia. Mzani ulizidisha kidogo, na yeye alipunguza kichwani kabla ya kuandika. Mashine ya presha ilikuwa ya kubonyeza mpira kwa mkono. Kila mtu aliyeingia alikalishwa kwanza, akanyoosha miguu, akaulizwa habari za nyumbani, za migomba, za kahawa. Nikadhani ni uzembe. Kumbe wengi walikuwa wamepanda mlima na mzigo kichwani. "Ukimpima sasa hivi," Mama Leonia aliniambia, "utaandika presha ya mlima, si presha yake." Leo mna mashine za betri zinazosoma zenyewe, lakini nawaona mnamfunga mtu mkono akiwa bado anahema. Mashine haijui kwamba ametoka mbali.

Kazi ngumu kuliko zote wakati ule ilikuwa kuwafanya waje mapema. Huku kwetu mimba haitangazwi. Binti akijua ana mimba, bibi yake anamwambia anyamaze mpaka ionekane yenyewe, maana midomo ya watu si mizuri. Kwa hiyo walikuja kliniki tumbo limeshafika kifuani, na damu imeshapungua, na presha imeshapanda, nasi tunakimbizana na mambo ambayo yangezuilika. Mimi na Mama Leonia tulikuwa tunasimama mbele ya waumini baada ya ibada, Jumapili hii kwa Walutheri, ijayo kwa Wakatoliki, tukiwaomba. Njooni kabla watu hawajajua. Njooni hata kama hamna uhakika. Kliniki haina mdomo. Tulifanya hivyo miaka na miaka, mpaka yeye akastaafu na magoti yake, na mimi nikaanza kuwaona wachache wanaokuja na mimba changa, wamejitanda kanga mbili ili wasijulikane. Nilikuwa nafurahi kuwaona hao kuliko kupokea mshahara.

Nimewaeleza hayo ili muelewe kwa nini jambo linalofuata lilinichoma.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa upande wa Kyerwa. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu kilichofanyika pale nimekisikia kwingine pia. Mganga mfawidhi wetu alikuwa Dokta Gration, kijana msafi, mchapakazi, mpenzi wa takwimu. Wakubwa walikuwa wamesisitiza kwamba mjamzito aje na mwenzi wake hudhurio la kwanza, wapimwe pamoja virusi vya Ukimwi na kaswende, na mwanamume asikie mwenyewe mambo ya uzazi. Sina ugomvi na hilo. Nimewaona wanaume waliokuja wakanuna, wakatoka wamebeba chandarua na mkoba wa mke. Lakini kuhimizwa ni kitu kimoja na kufungiwa mlango ni kitu kingine. Dokta Gration aliligeuza kuwa amri. Aliyekuja na mume alihudumiwa kwanza. Aliyekuja peke yake alirudishwa nyumbani akamlete, au akalete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kueleza mume yuko wapi.

Sasa fikirini. Nusu ya wanaume wa vijiji vile wako machimboni Geita au wamevuka mpaka kutafuta vibarua. Wengine wako kwa mke wa pili. Wengine walikimbia waliposikia tu neno mimba. Na binti aliyeambiwa na bibi yake asimwambie mtu, unamtuma kwa mwenyekiti wa kitongoji akamweleze tumbo lake, na ukimtafuta mwenyekiti jioni utamkuta kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, na nusu ya kijiji wameketi naye. Tulisimama kanisani miaka yote kuwaambia kliniki haina mdomo, halafu tukawatuma wakatafute mdomo wenyewe.

Nilimwambia Dokta Gration. Akanijibu kwa heshima, maana alikuwa na adabu.

"Mama Anatoria, tukilegeza hawatakuja kabisa hao wanaume."

"Na wanawake je?"

"Wanawake watakuja tu. Wao ndio wenye mimba."



Akina mama hawakulia. Walifanya walichofanya siku zote, wakatafuta njia. Njia ilikuwa kijiwe cha bodaboda mbele ya zahanati. Mimi nililitambua hilo siku nilipoinua macho nikamwona kijana mrefu, shati la kijani, akiwa ameketi kwenye benchi la wenzi kando ya mjamzito, ametulia kama mzee wa kanisa. Nikajiuliza nilimwona wapi. Nilimwona wiki iliyotangulia, benchi hilo hilo, kando ya mwanamke mwingine. Nikamwita pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe una wake wangapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Mama, mimi sina hata mmoja. Mimi ni usafiri tu."

Jina lake Novatus. Akanieleza bila kuficha: mwanamke analipa nauli ya kuja na kurudi, na kama hana, mkungu wa ndizi, naye anaingia ndani kama mume, anatolewa damu, anaitikia jina analoambiwa. Hawezi kuwaacha, akasema, maana wengine ni binamu zake. Nadhani Novatus alipimwa mara nyingi kuliko mwanamume yeyote wa mkoa huu, na kila mara majibu yake yaliandikwa kuwa ya mume wa mtu aliye Geita. Tulijua vizuri sana afya ya bodaboda mmoja. Ya wale waume halisi hatukujua lolote, na siku wakirudi kutoka machimboni watarudi nyumbani na ugonjwa wowote walioupata huko.

Dokta Gration hakutaka kusikia. Kwenye semina moja Kayanga zahanati yetu ilisifiwa kwa wanaume wanaosindikiza wake zao, watu wakapiga makofi, na mimi nilikuwa nimeketi pale na soda yangu. Nilishindwa kuimaliza.

Ndipo akaja Devotha.

Devotha alikuwa amepoteza mtoto wake wa kwanza. Alipata kifafa cha mimba akiwa nyumbani, akapelekwa hospitali hajitambui, na alipozinduka mtoto hakuwepo. Mimba ya pili ilipoingia hakumsikiliza bibi wala jirani. Alikuja mapema, hata tumbo halijaanza kuonekana, akiwa na kanga zake mbili, mwanamke wa aina ile ile niliyoihubiria makanisani maisha yangu yote. Siku hiyo mimi nilikuwa kliniki ya mkoba, tunachanja watoto kijiji cha mbali. Akawaambia ukweli: mume wangu Projestus yuko machimboni. Wakamrudisha. Akaja tena mwezi uliofuata, mimi niko mkoba tena, akasema mwenyekiti amesafiri. Wakamrudisha. Mama aliyewahi kupata kifafa cha mimba huanzishiwa dawa ya kumkinga miezi ile ya mwanzo. Miezi hiyo ikipita, imepita. Sisi tuliipitisha Devotha akiwa amesimama mlangoni kwetu akiomba.

Mara ya tatu alikuja na Novatus, na akapokelewa vizuri sana. Wakapewa nafasi ya mbele.

Safari hii nilikuwepo. Nilimkalisha, nikamwuliza habari za kibanja chake cha migomba, nikangoja pumzi yake itulie, nikampima. Presha ilikuwa imepanda na mkojo haukuwa mzuri. Akaniambia habari za mtoto wa kwanza na habari za kurudishwa, kwa sauti ya chini, kana kwamba kosa ni lake. Nilimwandikia dawa ya presha, nikampangia tarehe za karibu karibu, nikamwambia akajifungulie hospitali. Halafu nikamgeukia yule mume wake wa kukodi, aliyekuwa ameshaanza kutafuta ufunguo wa pikipiki mfukoni.

"Kaa chini," nikamwambia. "Umeingia kama mume, utasikiliza kama mume."

"Mama, nina abiria ananingoja."

"Atangoja. Kichwa kikimuuma kisiachie kwa vidonge, uso na vidole vikivimba, akiona nyota nyota, au akiumwa hapa chini ya chembe ya moyo, hujadiliani na mtu. Unamleta. Rudia."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akarudia bila kukosea, kisha akasema, "Haya nimeyasikia kwa wake zangu wote, mama." Devotha akacheka, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka kabla ya kujifungua.

Devotha aliishi na mama mkwe wake, Ma Paskazia, mwanamke mchamungu mwenye kahawa nzuri na maneno makali. Yule bibi hakujua lolote la mambo ya benchi. Aliyepaswa kufundishwa dalili za hatari ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeshinda na mjamzito nyumbani, lakini kwenye amri yetu mama mkwe hakuwa na kiti. Uso wa Devotha ulipoanza kuvimba, Ma Paskazia alifurahi. Alisema mkamwana amenawiri, mtoto atakuwa wa kiume. Kichwa kilipoanza kuuma akasema ni jua, kwa kuwa walikuwa wanaanika kahawa. Kilipozidi, akaamua apelekwe kwa bibi mmoja mlima wa pili anayeogesha watu kwa majani, akatuma kijana akaite pikipiki. Pikipiki iliyokuja ilikuwa ya Novatus.

Hayo yaliyotokea barazani nilisimuliwa na Devotha na Novatus, na hawakutofautiana. Novatus alimtazama Devotha usoni, akamtazama vidole, akamwuliza kama anaona nyota nyota. Devotha akasema anaona. Novatus akampakia, na walipofika njia panda, badala ya kupanda kwa bibi wa majani akashuka kuja kwetu. Ma Paskazia alikuwa akifuata nyuma kwenye pikipiki ya kijana mwingine. Akapiga kelele njia nzima kwamba mkamwana wake anaibiwa.

Ilikuwa mchana, kliniki imejaa. Nilipompima Devotha sikuamini mashine, nikapima mkono wa pili, ikasema vilevile. Mikono ilikuwa inamcheza. Nikamlaza upande, nikamchoma sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa, nikamwekea dripu na mpira wa mkojo, nikampa ya kushusha presha, na mwenzangu akapiga simu ya gari la wagonjwa. Wakati wote huo nilikuwa naongea naye kwa Kihaya changu, nikimwambia anitazame mimi, asitazame dari. Kifafa hakikupata nafasi. Kilikuwa mlangoni kabisa, lakini hakikuingia.

Nje, Dokta Gration alikuwa ameshika karatasi ya rufaa. Akaita kwa sauti ya kazi, "Mume wa Devotha asogee hapa."

Novatus, kwa mazoea, akasogea.

Ma Paskazia akainuka pale alipokuwa akingoja, ameshika rozari. "Mume wa nani?" akauliza.

Benchi zima liligeuka kuwatazama. Dokta Gration alimtazama Novatus, akamtazama bibi, na nadhani ndiyo siku alipojua kile nilichokuwa nikimwambia. Gari likaja, likambeba Devotha, na mimi nikapanda naye. Hospitali walimfanyia upasuaji jioni ile. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama sungura, akalazwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, akaamua kuishi.

Lakini simu ilikuwa imeshafika Geita. Ma Paskazia alimwambia mwanawe kwamba kliniki nzima inamjua mkewe kwa mume mwingine. Kabla Devotha hajaruhusiwa, Projestus alishuka kwenye basi, vumbi la mgodi bado liko kwenye nyusi, na hakwenda hospitali. Alikuja zahanati, mama yake nyuma yake. Vijana wa kijiweni walimwona wakamficha Novatus. Dokta Gration akakumbuka kwamba ana dawa za kuhesabu stoo. Nikabaki mimi.

"Shikamoo," Projestus akasema. Kwa hasira aliyokuwa nayo, nilimheshimu kwa hiyo shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nataka kujua huyo Novatus ni nani kwa mke wangu."

Mke wake alikuwa amenusurika kifafa, sikukubali aende kupigwa au kufukuzwa kwa sababu yetu. Nikamwambia yote. Nikamweleza amri, benchi, kijiwe, mkungu wa ndizi. Sikumtetea mtu, wala sikupunguza. Ma Paskazia alikuwa akisema "mawe, mawe", yaani mama yangu, kwa sauti ndogo, kila nilipotaja mwezi ambao Devotha alitoka nyumbani akarudi bila kupimwa. Yeye alidhani mkamwana alikuwa akienda sokoni.

Projestus alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa bila kuambiwa.

"Kwa hiyo alikuja peke yake, akasema mimi niko machimboni."

"Alikuja. Alisema."

"Mkamrudisha."

"Mara mbili."

"Akaja na uongo, mkampokea."

"Ndiyo."

Akajifuta uso kwa kiganja, vumbi likaacha mistari. "Basi mke wangu angeendelea kusema ukweli angekufa," akasema, "na mngeniandikia kwamba hakuhudhuria." Akasimama. Alipofika mlangoni, akageuka. "Na Novatus mwambieni asijifiche. Ugomvi wangu uko humu ndani."

Mlango wa stoo ulikuwa wazi kidogo, na najua Dokta Gration alisikia, kwa sababu alitoka baadaye macho yakiwa mekundu. Nilidhani basi, amri imekufa. Siku iliyofuata akaniambia taratibu kwamba atapeleka suala hili wilayani lijadiliwe, na kwamba mpaka hapo tuendelee na utaratibu. Nilimwuliza kama yule mtoto wa kifuani naye alipaswa kungoja lijadiliwe. Akarudi kwenye takwimu zake. Ninavyojua mpaka leo linajadiliwa.

Siku ya kliniki iliyokuja nilifika mapema, nikakaa mwenyewe mezani pa mapokezi, mahali ambapo hapakuwa pangu. Wa kwanza kuingia alikuwa binti mdogo, kanga mbili, hana tumbo la kuonekana, peke yake. Sikumwuliza kitu. Yeye mwenyewe akaanza haraka haraka, macho chini, kama mtu aliyefundishwa la kusema.

"Mume wangu yuko njiani anakuja, waitu mama."

"Mwache huko huko njiani," nikamwambia. "Wewe kaa kwanza upumzike, mlima ni mrefu. Kisha nitakupima."